Umeomba mbuzi ya kukunia nazi, umeletewa beberu: kutibu picha za akili mnemba zinapoharibika

Mama anayeniuzia wali wa nazi mchana, hapa Sinza, alitaka bango jipya la kibandani kwake. Hakutaka picha ya sahani; sahani kila mtu anayo. Alitaka bibi akikuna nazi uani, mambo ya kizamani, mtu akipita aione tu na kusikia harufu ya tui. Nikafungua programu ya kuchora picha kwa maneno, nikaandika: "Bibi amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, uani, asubuhi." Baada ya muda mfupi picha ikashuka. Bibi mzuri kweli, kanga imemkaa, tabasamu lipo, nazi iko mkononi, na amempanda beberu mwenye pembe ndefu kama anayewahi Kibaha. Mama alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaniuliza kama hiyo kitu nimeilipia.

Tangu siku hiyo naandika kwenye daftari kila picha iliyoharibika na nilivyoitibu. Kazi yangu ni mabango, kadi za michango na fulana, kwa hiyo haziharibiki chache.

Kwanza tuelewane jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Programu nyingi za aina hii huanza na picha iliyojaa chenga, kama televisheni isiyoshika mawimbi, kisha huzisafisha chenga hizo hatua kwa hatua, mara 20 au 30 hivi. Kila hatua inachungulia maelezo yako, wengine huita prompti, ili ijue isafishie upande gani. Haina ghala inakochomoa picha. Haijawahi kukuna nazi wala kupanda daladala. Ilichojifunza ni uhusiano kati ya picha nyingi mno za mtandaoni na maneno yaliyoandikwa kando yake. Ukilikumbuka hilo, nusu ya matatizo utayatambua mwenyewe.

Kuna kitu kwenye picha sikukiomba kabisa

Mara nyingi ulikiomba bila kujua. Stable Diffusion ya mwanzo, programu ya kuchora unayoweza kuiweka kwenye kompyuta yako, iliyotoka Agosti 2022, ilifundishwa kwa picha zilizokuwa na maelezo ya Kiingereza. Ukiiandikia Kiswahili, inakatakata maneno yako vipande visivyo na maana kwake na kubahatisha. Programu mpya zinazokaa ndani ya ChatGPT au Gemini zinakielewa Kiswahili, tena vizuri, lakini mara nyingi kuna dalali katikati: modeli ya lugha inalipokea ombi lako, inaliandika upya, ndipo uchoraji unaanza. Maana inapotelea kwa dalali.

Maneno ya kuangalia ni yale yenye sura mbili. Mbuzi umeshaisikia. Kanga ni nguo na ni ndege. Paa liko juu ya nyumba, na paa mwingine anakimbia porini. Tai anaruka, na tai nyingine anafunga bwana harusi shingoni. Sisi tunajua kwa muktadha; mashine nayo inatumia muktadha, ila muktadha wake umejaa Kiingereza.

Dawa niliyoiona inafanya kazi kuliko zote: usitaje jina la kitu, eleza macho yanaona nini. Kwa bango la mama niliandika hivi mara ya pili: "Bibi amekaa kwenye kibao kifupi cha mbao kinachokunjwa, karibu na ardhi. Mbele ya kibao pametokeza ulimi wa chuma, ncha yake ni bapa na ina meno madogo. Ameshika nusu ya nazi kwa mikono miwili, anaikwangua kwenye meno hayo. Vipande vyeupe vinadondokea kwenye sinia la bati lililo chini." Beberu akaondoka. Ulimi wa chuma ulitoka kama kijiko kikubwa, lakini mkao wa bibi, miguu ilivyokaa pembeni mwa kibao, mgongo ulivyoinama, vyote vilikuwa vyenyewe. Kijiko nacho nilikiondoa kwa njia ya uvivu: nilienda kwa mama, nikapiga picha mbuzi yake kwa simu, nikaipakia kama picha ya mfano na kuiambia programu kifaa kifanane na hiki. Kama kitu unacho, kipige picha. Picha moja ya kifaa chenyewe inashinda aya nzima.

Kuna mtego mwingine unaowapata wenye kutafsiri maelezo kwa programu: saa. Uliomba Feri, saa moja jioni, ngalawa zinarudi, mwanga wa machweo. Ukaletewa jua la utosi. Tafsiri ilisoma "moja" ikaweka saa saba mchana yetu. Usitaje saa kabisa. Sema jua linazama, anga ni la machungwa, vivuli ni virefu. Na ukiweka saa ya ukutani kwenye picha, usishangae mishale ikionyesha saa nne na dakika kumi kila mara: matangazo ya saa duniani kote hupigwa picha zikiwa zimesimamishwa hapo, na mashine ikajifunza kwamba ndivyo saa inavyofanana.

Nimeomba Dar, nimepewa mbuga

Ukiandika "mtaa wa Afrika" utapata vumbi jekundu, mgunga mmoja na watoto pekupeku. Wapiga picha wa kigeni waliandika hivyo chini ya picha zao, na mashine ikasoma. Toa neno Afrika. Kutaja Kariakoo peke yake kunasaidia kidogo, hakutoshi. Jaza vitu: fremu za maduka zenye mageti ya chuma ya kukunja, vitambaa vimening'inia hadi barazani, nyaya za umeme zimesongamana juu, mwavuli wa wakala wa fedha za simu, bajaji zimepangana, mkokoteni wa matunda umezuia njia, ghorofa zenye mashine za kipupwe ukutani, joto la unyevu, mashati yamelowa mgongoni. Kila kitu unachokitaja kinamsukuma mchoraji mbali na mgunga.

Watu nao. Nikitaka sura zisiwe za mfano mmoja, naandika umri, kazi na vazi la kila mtu: kijana wa miaka 25 mwenye fulana ya mpira, mzee mwenye kanzu na kofia ya vito, dada wa ofisini mwenye mtandio. Ngozi ikitoka kama plastiki iliyopigwa mafuta, ondoa maneno kama "nzuri mno" na "ya kisasa kabisa", weka yanayotoka kwa wapiga picha: mwanga wa dirishani, vinyweleo vinaonekana, jasho kidogo kwenye paji la uso.

Sasa daladala. Hapa ndipo jicho la mtu wa Dar linapohitajika, kwa sababu mteja wa nje hataona kosa na abiria wa Mbagala ataliona kabla hajakaa. Sisi tunaendesha kushoto: dereva yuko kulia, mlango wa abiria uko kushoto. Picha nyingi za magari mtandaoni ni za nchi zinazoendesha kulia, hivyo konda wako atatoka akining'inia upande wa katikati ya barabara, magari yanamfuta. Unaweza kuandika "mlango uko upande wa kushoto" mara kumi, na kushoto kwa mashine kukawa kushoto kwa picha, siyo kwa gari. Njia ya mkato ni kuigeuza picha nzima kama kwenye kioo, programu yoyote ya kuhariri kwenye simu ina kitufe hicho. Igeuze kabla hujaweka maandishi, la sivyo "Mwenge" itasomeka kinyume.

Ila baada ya kugeuza, kagua mikono. Niliwahi kugeuza picha ya futari ili jamvi likae upande niliotaka. Gari halikuwepo, nikaona hapana shida. Aliyeileta kazi akaitazama sekunde mbili, akanirudishia simu: "Kaka, huyu mzee anakula kwa mkono wa kushoto." Ramadhani, bango la msikitini. Nilirudia picha yote.

Vidole vimezidi

Modeli mpya zimepona kwa kiasi kikubwa, lakini konda aliyeshika chuma cha mlango kwa mkono mmoja na noti kwa mwingine bado ni mtihani. Mkono una mikao mingi mno, nao kwenye picha nyingi ni mdogo na nusu umefichika. Usitupe picha nzima kwa ajili ya kidole. Tumia brashi ya kuchagua eneo, paka mkono tu na sehemu kidogo ya kiwiko, kisha eleza mkono huo peke yake. Fanya mara tano, chagua mmoja. Ukichoka, mpe mtu huyo kikapu ashike.

Nimesema "bila", kimekuja hichohicho

"Chumba bila feni" kinaleta feni. Mchoraji anaona neno feni, analivuta. Neno "bila" halina sura ya kuchora. Programu za mazungumzo zimeanza kulielewa, nyingine bado. Stable Diffusion ina kisanduku chake cha vitu visivyotakiwa, kinaitwa Negative prompt, andika humo feni tu, bila neno "bila". Midjourney unamalizia maelezo kwa --no kisha jina la kitu. Kama programu yako haina hata kimoja, sema kilichopo badala ya kisichopo: dari nyeupe tupu, safi.

Nusu ya maelezo yangu imepuuzwa

Modeli za Stable Diffusion za mwanzo husoma tokeni 77 tu, yaani vipande vya maneno, mbili kati ya hizo zikiwa za kufungua na kufunga, na tokeni si lazima iwe neno zima. Neno la Kiswahili laweza kula nne au tano. Kinachozidi hukatwa, ingawa baadhi ya programu hukigawa mafungu zikasoma yote. Kwa hiyo kitu muhimu kikae mwanzoni. Watu wengi wanaanza na sifa ("picha maridadi, kali, ya kiwango cha juu") halafu samaki wanamtaja mwishoni, wanashangaa samaki hayupo.

Wakati mwingine kimepuuzwa kwa sababu kinagombana. Rangi ndiyo mfano mzuri: "dada mwenye gauni jekundu, kilemba cha kijani, mkoba wa njano" inaweza kukupa gauni la kijani na mkoba mwekundu. Rangi zinavuja kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Punguza, au chora kwanza dada na gauni, kisha uongeze kilemba na mkoba kwa brashi, kimoja kimoja.

Maandishi yamekuwa "Kariibu Wllai"

Mashine haiandiki, inachora umbo linalofanana na maandishi. Zilizotoka karibuni zinaandika vizuri neno moja au mawili, hasa ya Kiingereza. Kiswahili kinakosewa zaidi, na namba za simu usizikabidhi kabisa. Tarakimu moja ikibadilika, wateja wa mama wanampigia mtu wa Mpanda.

Mimi naomba picha isiyo na maandishi yoyote, naiomba iniachie nafasi wazi juu au pembeni ("theluthi ya juu ni ukuta mtupu wa rangi ya krimu"), kisha naandika mwenyewe kwenye Canva. Dakika tatu. Sijui kwa nini watu wanang'ang'ana.

Kanga ni tatizo la aina hiyohiyo. Ina pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina chini, na jina ndilo linaloongea. Mashine inapata pindo, inapata maua ya mji, halafu jina linakuwa mchwa waliopangana. Mwanamke wa Dar ataliangalia jina kabla ya kitu kingine, kwa hiyo ama lifunike kwa mkunjo wa nguo, ama liandike mwenyewe juu ya picha na ulipinde lifuate kitambaa. Na uchague jina kwa busara, kuna majina ya kanga yanavunja ujirani.

Bendera ya taifa, nembo ya kampuni ya mteja, nembo ya timu: vyote bandika vilivyo halisi. Bendera yetu ina mstari mweusi unaopanda kutoka kona ya chini, upande wa mlingoti, kijani juu na buluu chini, na mashine huichanganya kila namna unayoweza kuiwaza. Ukigeuza picha kama nilivyosema kwenye daladala, bendera nayo inageuka. Usisahau.

Kila nikibonyeza, sura inabadilika

Kila picha inaanza na chenga zake, na chenga hizo zina namba, kwenye skrini utaona Seed, yaani mbegu. Mbegu ikiachwa ijichague, unaanza safari mpya kila mara. Ukipata picha inayokaribia, iandike namba yake na uifunge, kisha badilisha kitu kimoja tu: neno moja, rangi moja. Hapo ndipo utajua kilichosaidia. Ukibadilisha vitano kwa mpigo, picha ikipona hujui dawa ilikuwa ipi.

Programu za mazungumzo kwa kawaida hazikuonyeshi mbegu. Huko usiandike ombi upya. Omba irekebishe picha hiyohiyo, au pakia picha ya kwanza kama mfano. Kwa bi harusi yuleyule kwenye kadi ya sendofu, ya kitchen party na ya harusi, sura itateleza tu hata ukifanya vyote hivyo. Tumia picha halisi ya bi harusi, mandhari ndiyo uichore. Isitoshe ni harusi yake.

Vichwa viwili, au rangi zimeungua

Vichwa viwili vinakuja ukiomba picha ndefu kuliko modeli ilivyozoea. Stable Diffusion 1.5 ilifundishwa kwa pikseli 512 kwa 512, SDXL, toleo lake la baadaye, kwa 1024 kwa 1024. Ukiomba 512 kwa 1024 kwenye ile ya kwanza, inaona nafasi ya mtu mwingine juu, inamweka. Chora kwa kipimo ilichozoea, kisha uongeze juu na chini.

Rangi zilizoungua, zinazoumiza macho, ni kipimo cha CFG, kinachoamua mashine ing'ang'anie maelezo yako kiasi gani, kilichopandishwa mno. Kirudishe kwenye 7 au chini yake kidogo.

Imekataa kuchora

Kichujio kinaogopa maneno. Bucha ukitaja damu na kisu, inakataa. Sema nyama imening'inizwa kwenye ndoano, kaunta safi ya vigae vyeupe. Ikikataa sura ya mtu maarufu, usitafute mlango wa nyuma, mteja ndiye atakayekuja kuulizwa. Basi.

Kwenye kompyuta yangu inatoka nyeusi tupu, au inasema kumbukumbu imejaa

Kumbukumbu inayozungumziwa ni ya kadi ya michoro, siyo ya kompyuta. Punguza ukubwa wa picha, chora moja moja, funga michezo na kivinjari. Kwenye AUTOMATIC1111, programu ya kuendeshea Stable Diffusion kwenye kompyuta yako, kuna chaguo la --medvram la kuwashia kwa kadi ndogo. Picha nyeusi, hasa kwenye kadi za Nvidia za GTX za 16, mara nyingi hupona kwa --precision full --no-half. Na kama umeme unakatika mtaani kwenu kila jioni, tumia za mtandaoni. Bando lina unafuu kuliko kadi iliyoungua.

Kwenye simu ilikuwa kali, kwenye bango ni ukungu

Hili linaletwa kwangu kila wiki, na lawama anapewa mchapaji. Fanya hesabu. Picha ya pikseli 1024 ikichapwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi inafika sentimita 8.7 tu, kiganja. A3 inataka 3508 kwa 4961. Bango la mita mbili linaloonekana ng'ambo ya barabara halihitaji 300, nukta 72 zinatosha, lakini hata hapo ni karibu pikseli 5,700 kwa upana. Ukiwa na picha ya 1536, ikuze mara nne. Upscayl ni ya bure na inakaa kwenye kompyuta bila kuomba bando. Baada ya kukuza, kagua macho na meno ya watu kwa karibu, maana programu ya kukuza nayo hubuni, na wakati mwingine humfanya bibi wa miaka 70 kuwa na ngozi ya mtoto.

Halafu usiitume kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa njiani na kazi yote ya kukuza inapotea. Itume kama hati, au nenda na flashi.

Rangi nazo zitashuka: buluu ya bahari inayong'aa kwenye skrini haipo kwenye wino. Omba kipande kidogo cha majaribio kabla ya mita zote mbili. Mimi siku hizi naomba kipande chenye uso wa mtu ndani yake, kwa sababu ukuta ukififia hakuna atakayejali, ila ngozi ikienda kwenye kijivu mteja hachukui.

Kipande cha mama kilitoka na kanga iliyopauka, tukaongeza wekundu kidogo, cha pili kikakubali. Bango liko kibandani hadi leo. Wateja wakiuliza yule bibi ni nani, anawaambia ni shangazi yake wa Tanga.